Kanzu Isiyokauka

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko kazi zao, mji wa Mkongeni ulitawaliwa na Sultani Mwinyi Kombo, aliyechukia wachelewaji kuliko alivyochukia njaa ya watu wake. Basi akatoa amri: kila Ijumaa, atakayefika barazani wa kwanza apewe sinia la pilau, na atakayefika wa mwisho apigwe bakora saba. Udhuru hausikilizwi, kwa kuwa sheria, alisema, ni msumeno. Nanyi mnajua, hata watu wote wakikimbia, wa mwisho hakosekani.

Katika mji huo aliishi fukara mmoja, Machano Kiraka, aliyehesabiwa mjinga. Alikuwa na kanzu moja tu. Kila Ijumaa asubuhi mkewe, Mize, aliifua, naye Machano akakaa ndani na kikoi kuukuu akingoja ikauke, maana kwenda mbele ya Sultani bila kanzu kulikuwa na bakora zake mbali. Ikawa kila Ijumaa wa mwisho ni yeye, na jioni Mize akampaka mafuta ya nazi mgongoni huku akilia.

Majirani walimhurumia sana. Lakini walikwisha ng'amua kwamba maadamu Machano anachelewa, wao wamesalimika. Basi wakawa wakipita penye kamba wanainyunyizia maji ile kanzu, kisha jioni wanamletea uji wa pole. Hawakuwa watu wabaya. Bakora ndiyo iliyowafunza.

Hata Ijumaa moja Mize akamwambia mumewe, "Baba, mgongo huu hauna tena mahali pa kupigwa. Wakiuongezea bakora nitakuzika."

Machano akaenda, akala bakora zake, kisha asirudi nyumbani. Akaketi pale pale barazani. Askari akamwuliza anangoja nini, akajibu kwamba anangoja Ijumaa ijayo. Watu walicheka wiki nzima. Ijumaa ilipofika, wa kwanza alikuwa Machano, akapewa sinia, na bakora zikamwangukia kadhi.

Siku hiyo hakuna aliyerudi kwake. Kadhi alitandika mkeka, mwoka mikate akalala juu ya gunia la unga, wanawake wakaleta mafiga, mbuzi wakafungwa kwenye nguzo za Sultani. Mtoto alizaliwa nyuma ya kiti cha enzi, akaitwa Baraza. Mpishi wa Sultani naye akakimbilia huko, na kinyozi akamwacha Sultani ghorofani na ndevu za upande mmoja.

Ijumaa Sultani akashuka ngazi, tumbo likimnguruma, akauliza nani amefika mwisho. Askari akasema hakuna aliyefika, kwa kuwa hakuna aliyeondoka. Sultani akaghadhibika, akamwita Machano.

"Wewe ndiwe mzizi wa fitina hii. Nitajie aliyefika mwisho, la sivyo bakora za mji mzima utazila wewe."

Mize akashika kichwa. Machano akainama kwa adabu.

"Seyyidi wangu, sisi sote tumelala hapa, na aliyelala mahali hawezi kupafika. Leo amefika mtu mmoja tu, ameshuka ngazi ile. Ndiye wa kwanza, basi sinia ni lake. Ndiye wa mwisho pia. Nami nilisikia sheria ni msumeno."

Watu wote wakaitazama miguu ya Sultani. Askari, aliyezoea kutii bila kufikiri, akaleta sinia kwa mkono mmoja na bakora kwa mkono wa pili. Sinia lilikuwa tupu, maana mpishi ndiyo kwanza anaamka.

Sultani akaitazama bakora kitambo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Machano, inauma?"

"Inauma, Bwana. Lakini inauma zaidi kujua nani huilowesha kanzu yangu."

Majirani wakainamisha vichwa. Sultani hakuelewa, ikabidi aelezwe habari ya kamba na maji, na alipoelezwa akaona haya, kisha akacheka hata nusu ya ndevu ikatikisika. Akaivunja bakora, akampa Machano kanzu mpya, akawaamuru watu na mbuzi wao waende makwao.

Ijumaa iliyofuata Machano alichelewa vilevile, safari hii kwa kushindwa kuchagua kanzu ya kuvaa. Alipofika alikuta majirani wameketi kulizunguka sinia la pilau. Lilikuwa bado limefunikwa kawa, wanamngoja.