Ngazi za Duka la Senkondo

Isome hii taratibu, kisha umpelekee mtu unayejua aliumia akanyamaza.

Katika mji mdogo wa milimani kule Upare aliishi mjane mmoja, fundi cherehani, jina lake Nakunda. Vitambaa vyake vyote alinunua kwa Mzee Senkondo, ambaye duka lake lilikuwa juu ya ngazi za vigae vinavyong'aa.

Asubuhi moja, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, Nakunda alikuwa akishuka ngazi hizo amekumbatia jora la kitenge. Mfereji wa bati ukingoni mwa paa ulikuwa umetoboka, unamwaga maji juu ya vigae. Mguu ukateleza. Akatafuta pa kujishika, hapakuwa na kitu. Akauangukia mkono wa kulia, ukavunjika.

Mzee Senkondo alimkimbiza hospitali, akakaa naye mpaka akafungwa plasta.

"Pole sana, dada yangu," alimwambia.

"Ni mimi mwenyewe, kaka. Sikutazama ninapokanyaga."

Na hivyo ndivyo alivyomwambia kila aliyekuja kumpa pole. Cherehani ikafunikwa shuka. Sare za shule alizoahidi kushona zikapelekwa kwa fundi mwingine. Akawa anakula kwa mkono wa kushoto, mchuzi unamwagika, na hakupenda mtu amwone.

Binti wa kaka yake, Eliaika, alikuwa msaidizi wa kisheria pale katani. Siku moja alipokuja kumfulia nguo, alimuuliza:

"Shangazi, yale maji pale ngazini uliyamwaga wewe?"

"Hapana."

"Basi mbona kosa unalibeba wewe? Mtu akifungua duka na kukaribisha wateja, ana wajibu wa kuwawekea njia salama, au angalau kuwaonya. Akijua pana hatari akapaacha hivyo, aliyeumia ana haki ya kudai matibabu na kipato alichokosa."

Nakunda aligeukia ukutani.

"Mume wangu alipofariki, mzee yule alinipa vitambaa nikashona, nikawa namlipa kadiri nilivyoweza. Watoto wangu wamesoma kwa vitambaa vile. Leo nimshtaki? Usinitajie tena jambo hilo, mwanangu."

Eliaika akarudi kwenye beseni la nguo.

Kila Jumapili Mzee Senkondo alikuja na ndizi au maziwa. Walizungumza habari za mvua, za kanisani, za watoto walio mbali. Habari za ngazi hakuna aliyezigusa.

Kisha Jumapili moja alikuja mikono mitupu. Aliketi akizungusha kofia yake magotini.

"Dada, nimekuja kukuomba jambo," alisema. "Naomba unidai haki yako."

Nakunda alidhani hakusikia vizuri.

"Kabla yako, mteja mwingine aliteleza palepale," mzee aliendelea. "Hakuumia. Nikafuta maji, nikajiambia mfereji nitauziba. Sikuuziba. Wanangu wanasema ninyamaze, maana wewe mwenyewe umekiri kosa ni lako. Kila ukisema hivyo, narudi nyumbani moyo mwepesi, na ngazi zinabaki vilevile. Jana ameteleza mama mjamzito. Mke wangu alimdaka kwa gauni."

Nakunda alianza kulia, kimyakimya.

"Umenikasirikia?" mzee aliuliza.

"Nimekukasirikia tangu siku ile, kaka. Nilidhani siruhusiwi, kwa wema ulionitendea."

"Wema ule ulikuwa wa wakati ule. Mkono huu ni wa sasa."

Eliaika, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akaja na kigoda akaketi kati yao.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mbele ya wanawe, Mzee Senkondo alieleza yote bila kuficha. Alikubali kugharamia matibabu, na kumtunza Nakunda mpaka atakapoweza kushona tena. Wanawe walikunja nyuso.

Mwenyekiti alimuuliza Nakunda kama ameridhika.

"Bado moja," alisema. "Ngazi zile zivunjwe."

Mkono ulipona, ingawa haukunyooka sawasawa. Siku aliyorudi dukani, Nakunda alikuta ngazi mpya za saruji ya kukwaruza, na bomba la chuma la kushikia pembeni. Mzee Senkondo alitoka kumpokea.

"Shika bomba, dada."

"Nimelishika. Nipe na mkono wako."

Wakapanda pamoja.

Funzo: Ukiumia kwa uzembe wa mtu, sema, hata kama unampenda. Haki inayodaiwa kwa heshima haivunji undugu, na humlinda yule atakayepita hapo baada yako.