Karamu ya Mtemi Lusato

Shibe haizibi mdomo. Mmelisikia neno hilo mkacheka, mkadhani ni la walafi. Tulieni niwaambie lilikotoka, maana lilitoka kwa wahunzi.

Nchi ya Ushombwe ilitawaliwa na Mtemi Lusato. Tusimnyime haki yake: aliwakuta watu wakichimba mizizi porini, akawajengea tanuri za chuma. Jembe la Ushombwe likasifika, misafara ikamiminika, hata mjane akafuga mbuzi. Lakini majembe yote yalipita mkononi mwa Mtemi, na bei aliipanga peke yake. Watu watatu wakisimama njiani kuzungumza, askari wake, rugaruga, waliwatawanya kwa fimbo.

"Mnakula, mnalala," alisema Mtemi. "Mnataka kuongea nini tena?"

Jiko la ikulu lilisimamiwa na dada yake, Nyamizi. Siku moja mwana wa Nyamizi, Ngasa, kijana mhunzi, aliropoka sokoni: "Jembe nalifua mimi, mbona bei yake siijui?" Hakufika nyumbani; rugaruga walimkamata. Mtemi akatangaza kwamba mpwa wake atakatwa ulimi, ili kila mtu ajue sheria haina ujomba.

Wahunzi wakaacha tanuri zipoe. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mtemi. Akaamuru ng'ombe wachinjwe, wahunzi wote waje kula.

"Tumbo likijaa, hasira hukosa pa kukaa," alimwambia dada yake.

Nyamizi akasonga ugali machozi yakimtoka, akasingizia moshi. Wahunzi walipoingia, aliona wamejitanda migolole mizito, na jua lilikuwa kali. Akatambua wameficha kitu ndani. Akajua damu ikimwagika pale, ya mwanawe itakuwa ya kwanza.

Sasa, huko Ushombwe mgeni hatoi shida yake na njaa. Hulishwa kwanza. Mwenyeji akishammiminia maji ya kunawa baada ya chakula, ndipo mgeni husema, na mwenyeji hainuki mpaka neno liishe. Ila Lusato, tangu atawazwe, alikuwa akinawishwa yeye tu.

Walipokwisha kula, Nyamizi akamletea mtungi.

"Maji ya nini?" Mtemi akauliza. "Wajipanguse kwa majani, waende zao."

"Kaka, mgeni wa ikulu atoke na ugali vidoleni? Watasema mama hakutulea."

Mtemi akacheka. Siku hiyo alitaka kupendwa. Akachukua mtungi, akammiminia mzee Lugembe, mkubwa wa wahunzi. Lugembe akanawa taratibu, akakung'uta mikono.

"Umetulisha, Mtemi. Umetunawisha. Basi tuna neno."

Rugaruga wakainua mikuki. Mtemi akabaki na mtungi mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Mmeshiba, na bado mna neno?"

"Mwenye njaa ana neno moja tu, 'nipe'," akajibu Lugembe. "Ulitutoa huko, tunashukuru. Sasa tumeshiba, tumeanza kuwaza. Shibe haizibi mdomo, Mtemi. Njaa ndiyo iliyouziba."

Lusato akamtazama dada yake. Nyamizi hakuinamisha macho.

"Keti, kaka," akasema polepole. "Umekwisha kuwanawisha."

Akaketi. Mikuki ikashuka. Wahunzi wakasema: juu ya bei, juu ya fimbo, juu ya Ngasa. Mtemi alifoka mara kwa mara, lakini hakuinuka. Mwishowe akakubali Ngasa afunguliwe, na bei ya jembe isipangwe tena bila wahunzi kuwapo.

"Na kama nisingewanawisha?" akauliza.

Lugembe akafunua mgolole. Kiunoni alikuwa amechomeka nyundo. Wenzake wote wakafunua yao.

"Tungejinawisha wenyewe."

Mtemi akashusha pumzi ndefu, na wahunzi nao wakashusha zao, kana kwamba ua mzima ulikuwa umebanwa kifua kimoja.

Ngasa akaletwa, viganja vimevimba kwa kamba. Mama yake akamkalisha penye sufuria, akamlisha ukoko kwa mkono wake.

"Mama, wamesema nini? Bei je? Na mjomba amejibu—"

"Kula kwanza, wewe!" Nyamizi akacheka huku akilia. "Ukishiba utauliza yote."

Naye akauliza, na hakuna aliyemnyamazisha. Ndiyo maana twasema: shibe haizibi mdomo.