Fisi na Kokoto za Siri

Hapo zamani za kale, enzi zile ambazo punda alidai haki yake kwa mdomo badala ya mateke, Bwana Tembo alikuwa na kiwanda cha kukamua miwa. Sogeeni, watoto. Na wewe unayesinzia huko nyuma, amka, maana leo kuna mtu ataumbuka.

Mama Punda alizungusha kinu, kriii, kriii, kutwa nzima. Kanga alikusanya makapi. Nguchiro, mdogo huyo lakini hatulii, alichochea moto chini ya masufuria ya sukari guru. Msimamizi wao alikuwa Fisi. Ujira ulikuwa chakula: kila mmoja ale kunde za mchana, kisha apewe bakuli la kupeleka nyumbani kwa wanawe. Sasa, nani alishika upawa? Fisi! Basi mabakuli yakawa yanatoka nusu, na tumbo la msimamizi likazidi kuchomoza.

Manung'uniko yakamfikia Tembo huko ng'ambo ya kilima. Akaja, dii! dii! dii!

"Wafanyakazi wangu, nataka maoni yenu juu ya msimamizi. Mtungi huu hapa. Aliyeridhika atie kokoto nyeupe. Asiyeridhika atie nyeusi. Mtu asimwambie mwenzake. Siri yenu ni amana kwangu."

Maneno mazuri hayo, na aliyasema kwa moyo safi. Lakini wote walipokwisha kutia, alimwita nani? "Fisi, hebu nibebee mtungi huu mpaka nyumbani." Jamani! Fisi kukabidhiwa bucha!

Kanga alikuwa ametia nyeusi. Kesho yake Fisi akamwita mbele ya wenzake.

"Kanga! Kumbe mimi sifai?"

"Nani kasema, mzee?"

"Wewe! Fungasha virago vyako!"

Kanga akaondoka na vifaranga vyake, analia. Na Tembo, alipofungua mtungi kwake, alikuta kokoto nyeupe tupu. "Kumbe wanampenda!" akasema, akalala usingizi mnono.

Kiwandani hofu ikatanda. "Mtungi ule una macho," wakanong'ona. Nguchiro hakukubali. Mtungi uone kwa jicho lipi? Akachukua vitambaa vya kufutia jasho, akamwendea Fisi.

"Mzee wangu, shikamoo. Vitambaa vimechanganyika. Sijui cha Mama Punda ni kipi."

Fisi akainamisha kichwa. Hhhf! Hhhf! "Hiki. Na hiki chako, kinanuka moshi. Pua hii, mtoto, haijadanganywa tangu nizaliwe."

"Lo! Mzee una kipaji!" Nguchiro akasema, akaenda zake. Alikuwa amekwisha kupata alichokitaka.

Msimu uliofuata Tembo akaleta tena mtungi wake. Safari hii Mama Punda hakuwa na hali.

"Kihongwe wangu hasimami tena kwa njaa," akasema, machozi yakimtoka. "Nikitia nyeupe, mwanangu anakufa. Nikitia nyeusi nafukuzwa, na mwanangu anakufa vilevile."

"Tia nyeusi, mama," Nguchiro akamjibu. "Sote tutatia nyeusi. Ila kwanza nipeni hizo kokoto nikazitembeze bwawani."

Ni bwawa gani? Ni lile ambamo Tembo hugaagaa kila akija kukagua kiwanda. Nguchiro akazizika kokoto katika tope lake, akazigeuza, akazianika juani zikakauka. "Kila mtu ashike yake kwa jani," akaonya. "Kwato wala kidole kisiguse."

Wakatia. Ko! Ko! Ko! Fisi akajitwisha mtungi, naye Tembo akabaki uani anatafuna miwa, wafanyakazi wake wamemzunguka.

Fisi hakufika mbali. Alijibanza nyuma ya kichaka, akamwaga kokoto chini. Zote nyeusi!

"Ahaa! Leo watanitambua! Tuanze na huyu." Hhhf! Akakunja uso. Tembo? Akachukua ya pili. Hhhf! Tembo! Akachukua nyingine, na nyingine. Tembo, Tembo, Tembo mtupu! Manyoya yakamsimama.

"Ole wangu! Kumbe ni bwana mwenyewe aliyenichoka! Amekwisha kujua habari za kunde!"

Hata kubadilisha kokoto hakukumbuka. Mbio, mbio, puu! Akajitupa miguuni pa Tembo, mbele ya kila mtu.

"Nisamehe bwana! Nilikula, lakini nusu tu! Ya mtoto wa Punda nitairudisha!"

Tembo akaacha kutafuna. "Ulikula nini?"

"Si zile kunde, bwana! Zile zilizokufanya utie kokoto nyeusi."

"Mimi? Mimi sijatia kokoto yoyote."

"Usinifiche, bwana! Nimezinusa moja moja, zote zinanuka wewe!"

Tembo akautupa chini muwa aliokuwa ameushika.

"Nilikupa mtungi uubebe," Tembo akasema polepole, "au uunuse?"

"Bwana... pua... pua ilipita karibu tu..."

"Na ya Kanga?" Nguchiro akadakia. "Nayo pua ilipita karibu?"

Tembo akainua mkonga. Paaa! Fisi hakungoja wa pili. Alitimua mbio, na vumbi lake likachelewa kutua.

Tembo akaona haya, na haya ilimstahili. "Kosa la kwanza ni langu," akakiri. "Nilitaka mseme juu ya mtu, kisha maneno yenu nikampa mtu huyohuyo." Akaagiza Kanga aitwe arudi kazini, na upawa akamkabidhi Mama Punda. Siku hiyo Kihongwe alikula bakuli zima la kunde, akalilamba, akainuka kwa miguu yake mwenyewe kumfuata mama yake kuomba nyongeza.

Hadithi yangu naitua hapo, na fundisho lake ni hili: anayenusa siri za wenzake, ya kwake ndiyo hunuka.