Mkole wa Bustani ya Askari

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa nini?
— Pakawa sikio wazi, mdomo umefungwa.
Na atakayesinzia?
— Tumkanyage.

Haya, mmekubali wenyewe. Hapo kale, punda walipokuwa bado wakijidhania farasi, palikuwa na mji uitwao Mtondoo, na Mtondoo ulikuwa na Sultani Zumo. Sultani huyu alikuwa na farasi wazuri, askari wengi, na makalio ambayo farasi wakiyaona yanakuja, walianza kuomba dua.

Siku moja wanyang'anyi wakaja, nao wamepanda farasi. Wakaswaga ng'ombe wa mji. Sultani akawafukuza na upinde wake mrefu, mrefu kuliko yeye. Alipogeuka kulia apige mshale, ncha ya upinde ikamgonga farasi sikioni. Farasi akaenda huku, Sultani akaenda kule, ng'ombe wakaenda moja kwa moja. Watoto wa Mtondoo wakanywa uji bila maziwa.

Basi Sultani akamwita Bi Mwanamize, fundi wa pinde. Mwanamke mwenye mikono ya chuma na mdomo usio na komeo.

"Mwanamize, nataka upinde mfupi. Nigeuke nao juu ya farasi, mbele, kando na nyuma."

"Bwana wangu, upinde mfupi hukunjwa zaidi kuliko mrefu. Mti usiokubali kukunjwa utakuvunjikia usoni."

"Basi tafuta unaokubali. Ukishindwa, nakata kidole chako gumba."

Fundi bila gumba ni nini, jamaa zangu?
— Ni mtazamaji.
Naam, mtazamaji.

Pembeni alisimama Waziri Badi, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza mahali panapotakiwa kunyamaza. Akasema, "Sultani hashiki mti wa ovyo. Achongewe wa mpingo."

Mwanamize alijua mpingo ni mti wa marungu na zumari. Alijua vizuri kabisa. Lakini gumba lilikuwa lake, na siku hiyo ule mdomo usio na komeo ukajifunga wenyewe. Akakata, akakausha, akachonga.

Sultani akavuta. Mpingo haukupinda. Akavuta tena, akajikaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na kitu kikalia. Si upinde uliolia. Baraza zima likainua macho kutazama dari.

"Msaji," akasema waziri upesi. "Kama mlango wa jumba. Mti wa heshima."

Mwanamize akakata, akakausha, akachonga. Sultani akavuta. Msaji ukapinda kidogo, ukapinda kidogo tena, kisha pa. Kipande kimoja kikabaki mkononi mwa Sultani. Cha pili kilipatikana puani mwa waziri.

"Upinde mmoja tu umebaki," akasema Sultani. "Baada ya huo, gumba."

Mwanamize akatoka akitafuta mahali pa kulia. Nyumbani kuna majirani, sokoni kuna watu. Akaenda nyuma ya choo cha askari, kwa maana huko hakuna anayekufuata kukuuliza una nini. Akaketi, kanga puani, machozi yakimtoka. Mengine ya huzuni, mengine ya ile harufu.

Mbele yake ulisimama mkole, na beberu mnene alikuwa ameupanda, anakula matunda. Akasogea kwenye ncha ya tawi. Tawi likapinda. Akasogea tena. Tawi likapinda mpaka karibu liguse ardhi, wala halikulia. Beberu akateleza. Tawi likarudi juu, likamchapa matako, naye akaruka ua bila kukusudia.

Mwanamize akacheka akiwa bado analia. Kisha akainuka, akausogelea ule mti. Kumbe ndiyo maana husemwa penye miti hapana wajenzi. Alichonga pinde maisha yake yote, na kila siku akipita hapa huziba pua na kufumba macho.

Akachagua tawi nyoofu lisilo na kifundo, kwani upinde huanza kufa penye kifundo. Akalikausha kivulini, maana jua hupasua. Akachonga, akapaka mafuta ya kondoo, akaupeleka.

Waziri akauliza, pua ikiwa bado kama embe bovu, "Mti gani huu?"

"Mkole, bwana."

"Mkole? Chakula cha mbuzi?"

"Mkole wa bustani ya askari. Askari wa Sultani wenyewe huumwagilia, asubuhi na jioni. Hata wewe, waziri, umewahi kuumwagilia."

Waziri hakukumbuka, lakini sifa ilikuwa tamu. "Kweli," akasema. "Mimi hupenda sana bustani."

Wanyang'anyi wakarudi, wakaswaga ng'ombe waliosalia. Sultani akapanda farasi, akawapiga akielekea mbele, akawapiga kando, akapinduka akawapiga nyuma. Mkuu wao akakimbia na mshale pajani, wenzake wakamfuata, ng'ombe wakarudi wenyewe. Watu wakashangilia. Sultani akaubusu upinde mbele ya mji mzima. Akaubusu tena. Akaubusu tena.

"Nipelekeni kwenye hiyo bustani," akasema. "Waziri, tangulia, unaijua."

Waziri akatangulia, akazunguka mji mpaka ngoma zikachoka. Mwishowe Mwanamize akashika njia, wakafuata nyuma yake, na kila hatua mtu mmoja akaziba pua. Wakafika. Mkole huu hapa, choo hiki hapa, inzi hawa hapa.

Mwanamize akaficha magumba yake kwapani.

Sultani akautazama mti. Akautazama upinde. "Nimeubusu huu," akasema polepole.

"Mara tatu, bwana wangu."

Hakuna aliyepumua, kwa sababu mbili. Hapo askari mmoja akatoka chooni akifunga shuka, akamwona Sultani, akapiga magoti.

Sultani akamtazama, akautazama tena mkole, akahesabu matawi kwa macho.

"Askari," akasema, "nenda ukanywe maji mengi, kisha urudi. Nataka kila mpanda farasi apate upinde. Na wewe waziri, unayependa bustani, hii ni yako. Ufagie."

Gumba la Mwanamize likabaki mahali pake.

Ngano yangu nimeitupa uani. Akipita mbuzi, ailambe. Ukipita wewe, iokote, ila kwanza nusa.