Figa la Tatu la Mzee Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kusengenyana gulioni, Fisi alikuwa na mgahawa wake. Supu yake, jamani! Harufu yake ilimfanya hata Kobe akimbie.

Lakini Fisi alikuwa mzembe. Chungu kikubwa alikiinjika juu ya mafiga mawili, na mahali pa jiwe la tatu akaegesha kisiki kikavu. Nanyi mnajua kisiki hufanywa nini na moto.

Kikaungua. Chungu kikayumba. Pwaaa! Supu ikammwagikia Chausiku, binti wa Kanga, bawa zima.

"Mwanangu!" Kanga alilia. "Fisi, chungu ni chako, moto ni wako. Mtoto huyu utamuuguza wewe mpaka aruke tena!"

Fisi akajilamba midomo. "Pole, mama. Lakini mila ni mila: mshtakiwa hushtakiwa nyumbani kwake. Hapa nafanya biashara tu. Kwangu ni kule pangoni, nyuma ya kilima. Njoo unishtaki huko. Karibu sana."

Gulio zima lilijua habari za huko. Swala alikwenda huko kushtaki, kwa sababu benchi bovu la Fisi lilimvunja mguu. Nungunungu naye alikwenda, na jeraha lake. Hawakurudi. Mlango wa pango uliachwa wazi, ila ndani kabisa palikuwa na shimo lililozibwa kwa jiwe jeusi la masizi. Ndege hawakulia pale. Chini ya jiwe zilitoka sauti nyembamba, uuu, uuu: "Shauri langu... nani atasikiliza shauri langu?" Mimi nisingepita hapo hata kwa kubebwa.

Kanga akajifunga kibwebwe. "Nitakwenda. Afadhali nife kuliko kunyamaza."

"Dada, kaa chini," akasema jirani yake Nguchiro, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno. Aliwahi kuchungulia pangoni, akakimbia. "Lile jiwe lina masizi. Limetoka jikoni kwake. Niachie mimi."

Kesho yake akafika mgahawani akihema. "Mzee Fisi, shikamoo! Simba ameua nyati. Anawagawia mapaja wenye kaya wa hapa gulioni. Bahati mbaya, wewe si wa hapa."

Mate yakamdondoka Fisi. "Nani kasema? Mimi ni wa hapa!"

"Kwa mafiga mawili? Mwenye kaya ana matatu, na huyaapia mbele ya wote. Basi, paja lako apewe Nguruwe."

"Nguruwe? Thubutu!"

Fisi akatimua mbio. Akaling'oa lile jiwe pangoni kwa pupa, akaliacha shimo wazi, asitazame nyuma, akarudi nalo na kulipanga jikoni. Mbuni, mkuu wa gulio, akaitwa. Fisi akaweka mkono juu ya mawe.

"Naapa kwa mafiga yangu matatu, kwangu ni hapa! Sina kwingine! Haya, paja liko wapi?"

"Paja hakuna," akasema Nguchiro. "Kuna bawa."

Kanga akasimama na mwanawe. Mbuni akatikisa kichwa. "Kiapo cha mafiga hakirudishwi, Fisi. Utajibu hapa hapa. Utamlisha na kumuuguza Chausiku mpaka aruke."

"Haya, yameisha," Fisi akanung'unika.

Hayakuisha. Jua lilikuwa linawaka, lakini upepo wa baridi ulishuka kutoka kilimani. Benchi la mbele likalia, kwiii, kama lilivyolia kila mtu alipolikalia. Likalia tena, kwiii. Hapakuwa na mtu. Kisha zikasikika zile sauti za shimoni, karibu kabisa, tena kwa adabu.

"Hodi. Tumeambiwa kwako sasa ni hapa."

Manyoya yalimsimama Nguchiro. Hilo hakulipanga! Kila mtu alitaka kukimbia, na hakuna aliyeweza. Mbuni ndiye aliyejibu: "Karibuni. Semeni shauri lenu."

Chausiku alipona, akaruka. Lakini Swala na Nungunungu, wale wa benchi la mbele, hawana cha kupona. Wanasimulia, wanarudia, na Fisi hawezi kuwahama, maana aliapa hana kwingine. Hata akitoroka porini, wanabisha hodi.

Kwa hiyo mkimsikia huko, hi-hi-hi-hiii, msidhani anacheka, wanangu. Anajibu mashtaka.

Pale unapoinjika chungu chako, ndipo utakapomjibu aliyeunguzwa nacho.