Njano ya Taa ya Kushoto

Mama zangu, na ninyi akina baba wawili mliotusindikiza, sogeeni hapa mbele, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Leo sina maneno mengi. Nina gari moja tu, na lenyewe si langu.

Baba mmoja wa huku milimani alikuwa na gari dogo, na taa zake za mbele hazikufanana. Ya kulia ilitoa mwanga mweupe kama maziwa. Ya kushoto ilikuwa njano kama mchuzi wa bizari. Sokoni walimtania: "Mzee, gari lako limeugua homa ya manjano, tena jicho moja." Naye akacheka nao. Njano ya taa imemuua nani?

Mpaka siku ya ukungu. Ukungu wetu mnaujua, ule wa saa nne asubuhi, umeshika kamba na mbuzi mwenyewe humwoni. Alikuwa anamrudisha binti yake kutoka kliniki, mimba ya miezi mitano. Uzazi wa kwanza binti huyu alipasuliwa, na mtoto hakukaa. Nesi alimwambia baba mtu asubuhi hiyo hiyo, "Huyu asijaribu kuzalia nyumbani. Uchungu ukimshika mlete, hata kama ni ukungu."

Basi wanapanda, taa zimewashwa, binti kashika tumbo kwa mikono miwili. Kwenye kona likatokea lori la kabichi, katikati ya barabara, wala halikukwepa. Baba akalitumbukiza gari mtaroni, upande wa mlima. Mungu ni mwema, upande wa pili ni korongo. Dereva wa lori akashuka mbio.

"Mzee wangu, nisamehe. Niliona bodaboda mbili. Nyeupe iko karibu, ya njano iko nyuma yake. Nikasema hizi zitajibana ukingoni, mimi napita."

Mmesikia? Gari ni moja, lakini anayekuja mbele yako anaona mawili.

Tangu siku hiyo baba yule akawa hali akashiba. Akihesabu miezi kwa vidole, miezi minne iliyobaki inaangukia palepale kwenye ukungu mzito. Akanunua balbu mpya ya kushoto. Njano. Akanunua nyingine, duka lingine. Njano. Akarudi dukani amevimba. "Umeniuzia kitu kilichokaa." Mwenye duka akamwambia taratibu, "Baba, balbu haina ujanja. Labda gari lako ndilo lina neno." Na nyumbani kila asubuhi binti anamwuliza akiwa bado na mswaki mdomoni, "Baba, taa imepona?" Baba anajibu, "Inapona, mama, inapona." Ninyi mliolea mnajua uzito wa jibu kama hilo.

Akampelekea fundi. Fundi hakununua kitu. Alisema, "Tubadilishane. Balbu ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Njano ikihama, balbu ndiyo mgonjwa. Isipohama, tutafute kwingine." Wakabadilisha, wakawasha. Njano haikuhama. Ilikaa kushoto vilevile, imetulia kama mwenye nyumba.

Fundi akapitisha kidole juu ya kioo cha taa. Kile kioo si kioo hasa, ni plastiki. Cha kulia kilikuwa laini, unajiona. Cha kushoto kilikwaruza kama kisigino changu mimi hapa. Akachukua msasa laini na maji, akasugua, akamalizia na dawa ya meno. Baada ya saa nzima akawasha. Nyeupe na nyeupe. Baba wa watu machozi yakamlenga, akaanza kushukuru, fundi akamkatiza.

"Mzee, jua ndilo limeunguza hii plastiki. Lakini limeunguza upande mmoja tu. Gari hili unalilaza wapi?"

"Nyumbani, bandani."

"Banda lina bati?"

"Lina."

"Lote?"

Hapo baba yetu akainama kufunga kamba za viatu. Na alikuwa amevaa ndala.

Fundi akasema, "Mimi siyajui ya kwako. Ila nimeikwangua ngozi yake ya juu, ile iliyokuwa inaikinga. Ikirudi juani, njano itakuja ndani ya miezi mitatu, tena mbaya kuliko hii."

Miezi mitatu. Na binti amebakiza minne.

Sasa niwaambie la bati. Banda lile walilijenga ndugu wawili, kaka, ndiye baba yetu huyu, na mdogo wake, na kila mmoja alitoa mabati sita. Uwanja mmoja, kisima kimoja. Kisha mama yao akaugua, miezi tisa kitandani. Aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyemlisha uji kwa kijiko, ni yule mdogo na mkewe. Mama akafa. Siku ya kuanua matanga kaka mkubwa akasimama kushukuru watu. Akamtaja mchungaji, akamtaja daktari, akaitaja kwaya, mpaka mwenye turubai akamtaja. Mdogo wake na shemeji yake hakuwataja. Kesho yake mdogo akapanda juu ya banda, akang'oa mabati yake sita, upande wa kushoto. Kaka akatoka kibarazani akamwambia, "Beba na misumari." Wakamaliza hapo. Miaka sita, ua wa michongoma katikati, hata chumvi haivuki.

Mama Singano pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema. Si angelitia gari kinyumenyume, kichwa kielekee nje? Alilifanya hilo, mwenzangu. Akaliangalia, akaona sasa ni jicho la kulia ndilo liko juani. Taa zingekuja kufanana, ndiyo, zingefanana kwa upofu. Akalitoa. Akatundika turubai, upepo ukalipeleka migombani kwa watu. Mkewe alikuwa anamtazama kutoka jikoni siku zote hizo. Siku ya turubai akasema, "Baba Mkubwa wa watu, unahangaika na jua. Jua halijakukosea."

Akalala na neno hilo. Asubuhi binti akatoka na mswaki wake. "Baba, taa imepona?" Baba akainuka. Akavua kofia, akauzunguka ule ua.

Shemeji yake alikuwa anaosha vyombo. "Shemeji, umepotea njia?" Hakuinua uso. Baba akasimama tu, kofia mkononi. Mdogo mtu akatoka mlangoni. Wakaangaliana. Mnafikiri aliomba mabati? Alikuwa ameyapanga njia nzima, hatua ishirini tu: binti, ukungu, lori. Yote yakamwishia. Akasema, "Aliyemwogesha mama ni wewe na mke wako. Sikuwataja mbele ya watu. Nilijua, na sikuwataja."

Shemeji akaliacha sufuria likazama kwenye beseni.

 Mdogo alizunguka nyuma ya jiko, kaka akamfuata. Akafunua majani makavu ya migomba. Mabati sita. Hayakupigiliwa popote, hayakuuzwa, matundu ya misumari ni yaleyale ya zamani.

"Nilidhani utakuja kuyauliza jioni ileile," akasema. "Nikayaweka karibu."

Miaka sita, mama zangu. Huyu anaunguliwa na jua uwanjani kwake, na kivuli chake kiko nyuma ya jiko la ndugu yake, kimefunikwa kwa majani.

Mabati yakarudi juu ya banda. Mtataka kujua habari za binti. Uchungu ulimshika saa tatu asubuhi, ukungu umefunga. Baba kwenye usukani, mdogo wake kando anafuta kioo kwa leso, shemeji nyuma amemkumbatia binti. Wakafika kwenye kona ileile. Lori likaja. Likaona gari moja. Likapunguza mwendo, likakaa pembeni, wakapita. Mtoto ni wa kike, na jina alilopewa ni la yule bibi aliyeogeshwa.

Sasa sisi. Jumapili tunakwenda mezani pa Bwana, na tumeshaanza kusugua. Nimewaona. Vitenge vimepigwa pasi, sauti za kwaya zimelainika, nyuso zinang'aa. Dawa ya meno hiyo. Nasi tunalia mbele za Mungu kwamba watoto wetu hawatuelewi, kwamba nyumba zetu mtu akizitazama anaona wawili wawili. Tunabadilisha balbu. Leo maombi huku, kesho mfungo kule. Je, umeshaulizwa: pale ulalapo, banda lina bati lote?

Wengi wenu mnajiweka upande wa yule kaka. Sawa, kamtaje ambaye hukumtaja. Lakini leo sikuja kwa ajili ya kaka. Nimekuja kwa ajili yako wewe mwenye mabati nyuma ya jiko. Wewe uliyekosewa kweli, mwenye haki kabisa, unayafunika majani mapya kila msimu na kusema, akija nitampa. Miaka sita unasikia gari la ndugu yako likiwaka asubuhi, unajua hasa jua linapoingilia. Kama lile lori lisingemkuta upande wa mlima, ungempa nani?

Wimbo wa kufunga hatuimbi leo. Tutauimba Jumapili. Tokeni polepole, wala msisindikizane, kila mtu ana njia yake ya kupitia. Na mimi niacheni nitangulie. Bati langu ni zito kwa mikono ya kizee, na nyumba ninayokwenda iko mbali kidogo.