Mzazi wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Uchochoro wetu, nyuma ya soko la Nam Dinh, ni mwembamba kiasi kwamba pikipiki mbili zikikutana lazima mojawapo irudi kinyumenyume. Nyumba namba kumi na nne iko katikati yake, ya ghorofa mbili, imebanana na jirani zake kama watu waliogombea benchi moja. Tunashukuru kwamba bado imesimama, na sisi tuliobanana nayo tunashukuru kwamba bado tunapumua, maana mwaka ule tuliponea chupuchupu.

Nyumba hiyo ni ya Bi Khuyen, mjane anayeuza vichipukizi vya mianzi vilivyokaushwa. Yeye na marehemu mumewe waliijenga kwa miaka ishirini, leo tofali, kesho bati. Hakujaliwa mtoto, wala hana pensheni. Uzee wake wote umeegemea nyumba ile: huipangisha, naye hulala katika chumba kidogo nyuma ya duka lake, mwanzoni mwa uchochoro.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi kwa kalenda yetu ya mwezi, alikuja kijana aitwaye Kien, mtulivu kama maji ya mtungini, shati limepigwa pasi, maneno yamepigwa pasi zaidi. Mkewe, Thoa, alisimama nyuma yake kimya, amevaa gauni pana. Kien alilipa bila kuombwa punguzo, akaisifu nyumba, akausifu mkono wa marehemu aliyeijenga. Bi Khuyen akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakikubali kwa kichwa chote. Tangu siku hiyo kila Jumapili machungwa yalifika dukani kwake, na kila asubuhi kijana aliufagia uchochoro kutoka mlangoni kwake mpaka kwa jirani wa tatu.

Mtu pekee ambaye hakulainika ni Bwana Tuoc, mjumbe wetu wa mtaa, mstaafu wa reli ambaye sauti yake haikustaafu.

“Khuyen! Wapangaji wako hawajaandikishwa kituoni. Mwezi wa pili huu. Leta vitambulisho vyao.”

“Kesho, kaka.”

“Kesho yako ina mabehewa mengi kuliko treni ya Saigon.”

“Kijana ana mzazi ndani, kaka. Nimsumbue kwa makaratasi? Tena una wasiwasi na nani? Yule anayekufagilia mpaka mlangoni pako?”

“Mtu akifagia sana,” alisema Tuoc, “mimi hujiuliza anafagia nini.”

“Ndiyo maana hakuna anayekuletea machungwa wewe,” alijibu Bi Khuyen, na mzee akaenda zake akinung’unika.

Kweli Kien alikuwa ametangaza kwamba mkewe amejifungulia kwao kijijini na amerudishwa kwa teksi. Mlango ukafungwa, madirisha yakafungwa, upepo usimpige mzazi. Sasa, mfanyabiashara wa kwetu hakanyagi nyumba ya mzazi kabla mwezi wa mtoto haujatimia, hasa msimu wa kuelekea Tet, mwaka wetu mpya, wakati biashara ya mwaka mzima inapoamuliwa. Nuksi ya uzazi ikikushika, mzigo unakuozea ghalani. Kien alilijua hilo vizuri, akalitumia kama komeo la mlango.

Kila wiki pikipiki ilileta magunia mawili ya makaa. “Analala juu ya makaa, shangazi,” alisema Kien kwa haya, “kama walivyofanya mama zetu.” Bi Khuyen alifurahi mno. Vijana wa siku hizi, nani anajua tena mila ya kuweka chungu cha makaa chini ya kitanda cha mzazi? Alilisimulia hilo soko zima. Desturi ya kuikagua nyumba kila mwezi, ambayo mumewe aliishika kama sala na ambayo imeandikwa mpaka kwenye mkataba, akaiacha. Alipita mbele ya mlango akitazama ulivyofagiliwa, akaridhika.

Siku ya kumi na tano ya mwezi wa mwisho, mteja wake wa siku nyingi alifika dukani na sahani ya wali wa kunata. Mjukuu wake alikuwa ametimiza mwezi, na kwa desturi yetu wali huo hufika kwa kila jirani. Bi Khuyen alitia tonge la kwanza mdomoni, akampongeza. Kabla hajameza, mkono ukasimama. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Mtoto wa namba kumi na nne alikuwa amempita huyu kwa siku kumi nzima.

Wali wake uko wapi? Kijana asiyesahau machungwa kila Jumapili, anayejua mpaka mambo ya chungu cha makaa, asahau mwezi wa mwanawe mwenyewe? Kisha likamjia jingine, lenye uzito zaidi: hakuna mtu uchochoroni aliyewahi kumsikia mtoto huyo akilia.

“Mama yangu,” alinong’ona. “Wamempoteza mtoto, wanaficha msiba.”

Ninakiri kwamba ni huruma iliyomwinua, si akili. Alifunga duka katikati ya msimu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akachemsha miguu ya nguruwe kwa papai bichi, chakula cha kumpa nguvu mwanamke aliyezaa, akakitia kwenye sufuria yenye mfuniko. Kien alikuwa ametoka na pikipiki. Bi Khuyen akabisha hodi.

“Thoa, mwanangu, ni mimi. Nimekuletea supu.”

Sauti nyembamba ikajibu nyuma ya mlango: “Shangazi, usiingie! Nuksi!”

“Mwezi umekwisha, na nuksi imekwisha. Fungua.”

“Mtoto amelala.”

“Basi nitamtazama akiwa amelala. Siji kumwamsha.”

“Shangazi, nakuomba. Mume wangu atanigombeza.”

Bi Khuyen alikuwa na ufunguo wa akiba kwenye mkoba wake wa kiunoni. Miezi yote hiyo haukumwasha. Sasa alipiga moyo konde, akauingiza kwenye kitasa, akasukuma.

Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na kitanda cha mzazi, wala nepi, wala chungu cha makaa. Sebule ilijaa mirija ya karatasi nyekundu, imepangwa mpaka usawa wa dirisha. Juu ya mikeka kulikuwa na unga mweusi, baruti ya makaa yaliyosagwa, umetandazwa kukauka, na kando yake matenga ya tambi za kuwashia. Zilikuwa fataki za kienyeji, zile zilizopigwa marufuku tangu Bi Khuyen ana nywele nyeusi. Thoa alisimama katikati, tumbo bapa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya kumi na tano, siku yetu ya kufukiza ubani, wapangaji hawa wenye adabu hawakuwa wamewasahau miungu: chini ya ngazi, kwenye kibanda cha mungu wa ardhi, ubani wa vijiti vitatu ulikuwa ukiwaka, hatua nne kutoka kwenye baruti.

Bi Khuyen aliiweka sufuria nje ya mlango, akatembea polepole kandokando ya ukuta, akaomba radhi kwa mungu wa ardhi, akavizima vijiti vile vitatu ndani ya kikombe cha chai alichotengewa mungu huyo.

“Shangazi,” Thoa alianza kulia, “zimebaki siku kumi na tano tu. Tet ikiisha tunahama. Hakuna atakayejua. Wewe mwenyewe hujatuandikisha, ukisema utaulizwa na wewe!”

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, wapangaji hawamo kwenye daftari la kituo, makaa yamepita mbele ya macho yake. Akisema, huenda akaondoka na pingu, na nyumba ikamponyoka. Akinyamaza, labda siku kumi na tano zingepita. Mpaka saa ile alikuwa mjinga tu, na ujinga hauna kosa kubwa. Lakini sasa ameona. Angerudi dukani ajitie hamnazo kwa moyo upi, na ukuta wa pili kuna wajukuu watatu wa Tuoc?

“Toka humo kwanza,” alimwambia Thoa, akimshika kifundo cha mkono. “Ukiwa hai ndipo tutagombana.”

Walikwenda moja kwa moja kwa mjumbe. Bi Khuyen alidhani atasimangwa, na alikuwa amejiandaa. Lakini Tuoc alisikiliza maneno matano tu, akapiga simu kituoni, kisha akatoka uchochoroni na kuitumia ile sauti yake. Mara moja maishani mwetu tuliifurahia. Kufumba na kufumbua tulikuwa wote sokoni, wazee, watoto, mbwa na kuku wa watu, tumekaa juu ya magunia ya vichipukizi vya Bi Khuyen. Wanajeshi walikuja, wakailowesha ile baruti, wakaitoa kidogo kidogo mpaka alasiri. Kien alikamatwa mdomoni mwa uchochoro, gunia jipya la makaa nyuma ya pikipiki, shati bado limepigwa pasi.

Kituoni, Afande Lam, kijana mwenye miwani, alifungua jalada. Bi Khuyen alikaa mbele yake, mikono imekumbatia mkoba, nasi majirani tumejazana mlangoni.

“Mama, mwenye nyumba anayejua na kunyamaza huhesabiwa mshirika. Kwa hiyo nakuuliza, nawe ujibu kweli. Ulijua lini?”

“Leo, afande. Saa sita na robo.”

“Na mjumbe alitupigia saa ngapi?”

Tuoc, aliyekaa kwenye benchi la nyuma bila kualikwa, alidakia: “Saa sita na nusu! Nina saa ya reli mimi, haidanganyi.”

“Robo saa,” alisema afande. “Ulikuwa unafanya nini robo saa nzima?”

“Nilikuwa nazima ubani, afande. Halafu nilikuwa naogopa kidogo.”

Afande Lam alivua miwani, akaifuta, na tukaona kwamba anazuia kicheko. Thoa naye alikuwa amekwisha kueleza chumba cha pili kwamba mwenye nyumba hakuwahi kuingia. “Utalipa faini ya kutowaandikisha wapangaji,” alisema afande, “na hiyo unaistahili. Lakini kwa haya mengine wewe ni shahidi. Ungengoja zipite hizo siku kumi na tano, mama, mimi na wewe tungekuwa tunaongea kwa namna nyingine. Kama ungebaki wa kuongea naye.”

“Na nyumba yangu?”

“Nyumba ni yako. Ikishakaguliwa, nenda kafungue madirisha.”

Bi Khuyen alilia palepale, kwa sauti, bila aibu, kama mtu aliyetua mzigo asiojua kwamba ameubeba miezi miwili. Tuoc alimpa leso, akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Tuliporudi uchochoroni alifungua kila dirisha la namba kumi na nne, juu na chini, hewa ikapita. Ile sufuria ilikuwa bado nje ya mlango, supu imeganda. Aliipasha moto, akatugawia tuliokuwapo, bakuli moja moja, nasi tukala tumesimama, kila mtu akiongea, hakuna anayesikiliza.

“Khuyen,” Tuoc alimchokoza, mfupa ungali mkononi, “na ile nuksi je? Umeingia nyumba ya mzazi katikati ya msimu!”

“Kaka, nuksi ilikuwa kubaki nje.”

Tulicheka mpaka watoto wakatushangaa, na tangu siku hiyo hakuna mwenye nyumba wa uchochoro wetu anayehitaji kuelezwa maana ya maneno haya: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.